"Egg on" na mayai wapi na wapi?

mama_wete:
Assalaam alaykum jamani nna suali. Mwanangu yuko Form Two, wamepewa sentensi skuli waifasiri, "his friends egged him on", nae kaandika marafiki zake walimpiga mayai, katiwa kosa. Mie nikamtetea kwa babake nikasema mtoto yuko sawa maana egg si yai? Babake kacheka mpaka kalia. Hebu nambieni hilo yai limeingiaje hapo

kusi_la_unguja:
Wa alaykum salaam. Maana yake walimchochea, walimtia ndimu. Na yai halimo kabisa bibie. Wale Waviking waliotoka Denmark na Norway wakaingia Uingereza wakakaa, walikuwa na neno "eggja", ni kumchochea mtu, nalo linatokana na "egg" ya kwao yenye maana ya makali, ule upande wa kisu unaokata. Ndugu yake kwa Kingereza ni "edge". Kwa hiyo ukim-egg mtu on ni kama unamnoa, unamtia makali ende akafanye jambo. Neno lina zaidi ya miaka 800 kwenye Kingereza

mchukwani:
Mtoto asionewe lakini, "egg" bila ya hiyo "on" ipo na maana yake ni kumrushia mtu mayai kweli 😂 hiyo "on" ndo iliyomponza

kusi_la_unguja:
Kweli hapo. Tena hilo yai lenyewe nalo ni la Waviking, Waingereza zamani walisema "ey", na yakiwa mengi "eyren". William Caxton mchapaji vitabu aliandika 1490, wafanyabiashara chombo chao kimekosa upepo Mto Thames wakashuka pwani kutafuta chakula, mmoja akaomba "egges", mwanamke akamjibu mie Kifaransa sijui, jamaa akapandwa na hasira maana na yeye Kifaransa hajui! Mpaka mwengine akasema "eyren" ndo akafahamu. Yaani ni kama mtu wa mjini kenda Makunduchi kununua kitu na wote wanasema Kiswahili

mpemba_halisi:
Kutia ndimu ndo yenyewe khasa, ndimu nayo kali. Mchezo wa ng'ombe kwetu huku zumari linalia watu wanapiga kelele, na ng'ombe anapanda mori na yule anaemchezea nae anapanda mori, sasa hapo nani anamtia ndimu nani

mama_wete:
Ahsanteni. Sasa kwani na mie nikimwambia mwanangu asome nna-egg on?

kusi_la_unguja:
Hapana, hiyo mara nyingi ni kwa jambo la kipumbavu au la shari, kama wale wanaosimama pembeni Mwaka Kogwa watu wanachapana na migomba wao wanapiga makelele mpige mpige na wenyewe hawaingii. Wewe una-"encourage", na hilo limepitia Kifaransa likatoka Kilatini, ndani yake mna "cor", moyo. Kutia moyo vilevile kama tusemavyo sie, wala hatukuambiana

mama_wete:
Lo! Basi kesho namwambia asahihishe aandike walimtia ndimu. Ila namjua huyu, ataulizwa ndimu kwa Kingereza nini aseme "lime on"

mchukwani:
😂😂 mwambie aandike walimchochea tu, asitafute kosa la pili