Taulo za jikoni ninazofuma nyumbani zinabana kando na hazinyonyi maji: naomba ushauri

Mfumi wa Walukuba (Jinja)

Ndugu zangu wafumaji, nawasalimu. Tangu mwezi wa pili ninafuma taulo za jikoni za pamba nyumbani kwangu, kwa kitanda cha kufumia chenye kanyagio mbili ambacho seremala wa mtaani kwetu alinichongea kwa mbao za mvule, na mpaka sasa nimekamilisha taulo 12. Kazi ninaipenda mno, lakini matokeo yananivunja moyo.

Ninatanda nyuzi 400 za urefu (mtande) kwenye upana wa sentimita 50, yaani nyuzi 8 kwa kila sentimita. Nikishafuma kama shibiri mbili, kitambaa kinakuwa kimebana hadi sentimita 45, na nyuzi za ukingoni, hasa upande wa kushoto, zinasuguliwa na kitana, lile chanuo la kugongea uzi, mpaka zinakatika. Nikifua, taulo inarudi tena, yaani inasinyaa, na kubaki sentimita 41. Kinachoniuma zaidi ni kwamba mteja wangu wa kwanza alinirudishia taulo mbili akisema zinasukuma maji juu ya sahani badala ya kuyakausha. Je, kosa ni la uzi huu wa pamba ya hapa kwetu, au ni la mikono yangu?

Mjukuu wa Kilembe (Kasese)

Dada, pole na kazi. Kuhusu kubana, tazama mkono wako unapopitisha mshindio, yaani uzi wa kukata upana. Wengi wetu tulipoanza tulikuwa tunauvuta uzi mpaka unyooke kama kamba ya kuanikia nguo, kisha tunaugongea na kitana. Mshindio ulionyooka hauna ziada ya kupandia na kushukia kati ya nyuzi za mtande, kwa hiyo unaitafuta ziada hiyo kwa kuvuta kingo ndani. Upitishe uzi, uache ulale kwa mshazari, upande unakotoka ukiwa karibu na kitambaa na upande unakoelekea ukiwa juu kiasi cha upana wa kiganja, ndipo ugongee. Hapo ukingoni uzi uuguse tu uzi wa mwisho wa mtande, usiubane. Ukifanya hivyo hata kukatika kutapungua, kwa sababu kitana kitakuwa hakizisugui tena nyuzi zilizovutwa kwa pembeni.

Bibi Nyuzi (Soroti)

Mwanangu, pamba yetu usiisingizie. Mbegu za kupanda zililetwa Uganda mwaka 1903, na aina za pamba BPA na SATU, zilizochaguliwa baadaye kwenye vituo vya utafiti vya Bukalasa na Serere, zilichaguliwa pamoja na mambo mengine kwa ubora wa nyuzinyuzi zake. Hapo kwenu Jinja penyewe kiwanda cha Nyanza kilianza katika miaka ya 1950 kufuma vitambaa vya pamba hiyo hiyo.

Taulo yako hainyonyi kwa sababu bado ina nta. Pamba hutoka shambani ikiwa na nta yake ya asili, na uzi ambao haujachemshwa unabaki nayo. Chukua taulo moja, uitandaze mezani, udondoshe tone moja la maji kutoka kwenye ncha ya kidole. Tone likikaa juu likiwa la duara na kung'aa kama umande kwenye jani la yugwa, nta ipo. Ichemshe taulo hiyo kwa saa nzima kwenye sufuria kubwa yenye maji, sabuni ya mche iliyokwanguliwa na magadi ya kufulia kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita 5. Utaona maji yamegeuka rangi ya chai hafifu. Suuza mara tatu, anika, kisha urudie tone lako. Usitumie kabisa dawa ya kulainishia nguo, kwani hiyo nayo hupaka uzi utando.

Mfumi wa Walukuba (Jinja)

Bibi, nashukuru sana. Basi si afadhali niuchemshe uzi wote kabla ya kuutanda, ili urudi kabisa na kitambaa kisinisumbue tena baadaye?

Fundi wa Arua

Samahani kwa kuingilia, lakini mimi singefanya hivyo kwa uzi wa mtande. Nta ile ile inayozuia maji ndiyo inayoulinda uzi usitoe manyoya unaposuguana na kitana na vitanzi vinavyoinua nyuzi. Niliwahi kuchemsha mtande mzima, na siku tatu nilizotarajia kufuma nikazimaliza kwa kuunga nyuzi. Kama umeshauchemsha, upake uji mwepesi wa unga wa muhogo na uuache ukauke kabla ya kuanza. Vinginevyo fuma kwanza, chemsha mwisho, na kule kurudi ukuhesabu tangu mwanzo.

Hesabu ninayoitumia ni hii: nikitaka taulo ya sentimita 50 kwa 70 baada ya kufuliwa, ninatanda upana wa sentimita 58, ambazo kwa nyuzi zako 8 ni nyuzi 464. Urefu ninafuma sentimita 82 kwa kila taulo, upindo ukiwemo. Kwa taulo sita ninatanda mita 6, kwa kuwa mtande hufupika kidogo kwa kupanda na kushuka, na sentimita 60 hivi za mwisho hazifumiki. Kipindi cha kiangazi, ambapo nyuzi hukatika ovyo, ninaweka beseni la maji na kitambaa kibichi chini ya kitanda cha kufumia, maana pamba yenye unyevu ni imara kuliko kavu.

Mfumi wa Walukuba (Jinja)

Ninarudi baada ya wiki mbili. Nilichemsha moja kati ya zile taulo mbili zilizorudishwa, na tone ambalo awali lilikaa juu mpaka nikachoka kulitazama, sasa linazama hata kabla sijaondoa kidole. Mtande mpya wa nyuzi 464 nimeufuma nusu, na kwa mshindio wa mshazari upana umesimama kwenye sentimita 54. Uzi uliokatika ni mmoja tu. Limebaki swali moja: taulo hizi zina mistari myekundu niliyoitia rangi mwenyewe. Nikizichemsha kwa magadi, rangi haitachuja?

Bibi Nyuzi (Soroti)

Inaweza kuchuja, mwanangu, na ikaharibu weupe wote. Kata kipande cha uzi huo mwekundu, ukifunge pamoja na uzi mweupe, uvichemshe kwenye kisufuria kidogo kwanza. Mweupe ukitoka na wekundu, taulo hizo zifue kwa maji ya moto ya kawaida na sabuni mara nne au tano, na mtande ujao uzi wa rangi uuchemshe na kuondoa nta kabla hujautia rangi.