Sorbeti ya matunda nyumbani kipindi cha baridi: theluji na chumvi, friza, mashine au blenda?

BintiPangani (Minneapolis)
Wakuu habari za baridi. Huku kwetu Januari imekaza, nje nyuzi 15 chini ya sifuri, ndani hita inawaka mchana kutwa mpaka koo linakauka, na ndo hapo wanangu wanataka kitu cha baridi cha matunda. Walipokuwa Tanga likizo walionja zile barafu za ukwaju na ubuyu za kwenye vifuko na hawajasahau mpaka leo. Sasa mimi nataka sorbeti yenyewe, laini ya kuchota na kijiko, maziwa yasiwemo kabisa kwa sababu mdogo wao tumbo lake halipatani na maziwa. Nimeona njia nne watu wanazitumia: kukorogea ndani ya theluji na chumvi, kuweka friza na kukwangua na uma, kununua mashine, au kusaga matunda yaliyogandishwa kwenye blenda. Ninayo embe ya pakiti iliyoganda, ukwaju wa bonge wa duka la Wahindi, na pasheni ya pakiti ya duka la Wamexico. Naombeni mnaojua mnipe ipi kweli inafaa, msiniambie inategemea.

MzeeWaShira (Toronto)
Dada karibu. Kabla hujachagua chombo shughulikia sukari, maana hapo ndo sorbeti inapofia. Sukari haiko kwa ajili ya utamu peke yake, inazuia maji yasigande yote yakawa jiwe. Ukijumlisha sukari ya tunda na ile unayoongeza wewe, mchanganyiko mzima unatakiwa uwe na sukari kama asilimia 25 mpaka 30. Chini ya hapo unakwangua barafu, juu sana haigandi, inabaki uji. Kwa embe, kilo 1 iliyosagwa weka sukari gramu 200, maji mililita 100 na ndimu moja, hapo uko sawa, kwa sababu embe lenyewe limekuja na sukari yake. Pasheni ni kali na haina nyama, hiyo inataka zaidi: juisi iliyochujwa mililita 500, maji 300, sukari gramu 270. Yeyusha sukari na maji jikoni upate shira, ipoe, ndo uchanganye na tunda, tunda lenyewe usilipike litapoteza harufu. Na ukionja ikiwa bado haijaganda uione tamu kupita kiasi, maana ulimi ukiwa baridi unapunguza utamu. Ukionja ukasema hapa patamu kabisa, jua ikiganda itakuwa imepooza.

Kuna kipimo cha wazee cha yai: tumbukiza yai bichi lililooshwa, na ganda lake, kwenye juisi yenye sukari, likielea likatoa juu duara kama sarafu uko karibu. Ila ni kwa juisi nyepesi tu, kwenye embe zito yai litakaa juu hata sukari ikiwa haitoshi.

Karakara254 (Edmonton)
Mimi niko upande wa theluji na chumvi na siondoki hapo. Hii kitu si ya kubahatisha, ile mashine ya mkono ambayo Nancy Johnson wa Philadelphia alipewa hataza yake mwaka 1843 ilikuwa hivyo hivyo, ndoo, barafu, chumvi, na kopo la bati katikati linazungushwa. Chukua ndoo kubwa, ndani weka sufuria ya chuma yenye mfuniko, plastiki hapana haipitishi baridi vizuri. Kandokando jaza theluji na chumvi ya mawe, kwa uzito theluji kilo 3 chumvi kilo 1. Chumvi inaifanya theluji iyeyuke hata ikiwa chini ya sifuri, na kuyeyuka kunahitaji joto, hilo joto linanyonywa kutoka kwa juisi yako. Maji ya chumvi yanaweza kushuka mpaka karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Zungusha sufuria, kila baada ya dakika chache fungua ukwangue kuta na mwiko, nusu saa hivi imeshika. Ukimaliza hamishia kwa friza saa mbili ikaze.

Sasa kitu wengi hawakijui: usifanyie nje siku ile baridi imefika minus 20! Kwa baridi hiyo chumvi karibu haifanyi kazi, theluji inakaa kavu kama unga na haigusi sufuria vizuri. Theluji mpya sehemu kubwa ni hewa, na hewa ni blanketi. Leta ndoo ndani jikoni, shindilia theluji kwa nguvu, mwagia maji kikombe kimoja ili iwe tope, ndio chumvi ianze kuuma. Watoto wangu wanapokezana kuzungusha na hiyo kazi inawachosha vizuri wikendi wakiwa wamefungiwa ndani.

MamaWawili_Malmö
Assalaam aleykum. Mie ndoo sina nafasi nayo, fleti ndogo, na huku Malmö theluji yenyewe mwaka mwengine haikai. Njia yangu ni friza, lakini ile ya kukwangua na uma kila nusu saa naona si sorbeti, inatoa chenga. Tamu, sikatai, hasa ya machungwa, ila kama mtu anataka laini atavunjika moyo. Mie nafanya hivi: mchanganyiko naumimina kwenye trei za vipande vya barafu, nalala nao, asubuhi natoa vipande naviacha mezani dakika tano, navitia kwenye fudi prosesa, vinasagika mpaka vinakuwa krimu. Narudisha friza saa moja, natoa, inachoteka. Huhitaji kusimama na uma kama mlinzi.

Tena msimdharau Januari kwa matunda. Huku ndo msimu wa machungwa mekundu ya Sicily, yanaanza Desemba na kuendelea mpaka masika yanapokaribia, na rangi ile inatokana na usiku wa baridi wa huko mlima Etna. Wasicilia wa zamani walikuwa wanakusanya theluji ya mlima huohuo wanaifukia kwenye mashimo mpaka kiangazi, kwa hiyo theluji na chungwa si wageni. Juisi yake lita 1, sukari gramu 230, ganda la chungwa moja likwangue uliroweke kwenye shira ya moto uchuje.

Na kwa pasheni, dada BintiPangani, kwa vile haina nyama, tia unga wa ubuyu kijiko kimoja kikubwa kwa kila nusu lita. Ubuyu una pektini nyingi, ndo ile inayofanya jemu ishike, inayakamata maji yasijikusanye kuwa chenga. Utie kwenye shira ikiwa ya vuguvugu, koroga, chuja. Na ukali wake unakwenda vizuri na pasheni.

BintiPangani
Mama Wawili ahsante sana, ubuyu ninao ndani na sikuwahi kuufikiria huko! Swali: kama nje ni minus 15, kwa nini nisiweke tu bakuli kwenye balkoni usiku kucha, nikaachana na ndoo na friza vyote?

MzeeWaShira
Itaganda dada, ila vibaya. Friza ya nyumbani inakaa nyuzi 18 chini ya sifuri na haiyumbi sana. Balkoni saa tisa usiku ni 17, saa tano asubuhi jua likipiga ni 8, kila ikipanda barafu ndogo zinayeyuka kidogo, ikishuka zinagandia kwenye zile kubwa, baada ya siku mbili unatafuna changarawe. Halafu huikorogi, ikiganda imetulia inatoa chenga kubwa hata kama baridi haiyumbi. Balkoni itumie kwa jambo moja, na hapo inashinda friza: kupoza. Shira na juisi vikiwa kwenye sufuria yenye mfuniko mzito weka nje, baada ya saa moja hivi vimeshuka mpaka nyuzi 4 bila kuipa friza yako mzigo wa joto. Mchanganyiko ukiingia umeshapoa, njia yoyote utakayochagua itagandisha haraka, na kuganda haraka ndo ulaini wenyewe.

FundiMajokofu (Leicester)
Naona mashine imekosa mtetezi. Zipo za aina mbili. Ya bei nafuu ina bakuli lenye maji maalum ndani ya kuta zake, unaligandisha friza saa 24, ukilitoa unaliwasha linakoroga dakika 20 mpaka 30, basi. Kasoro yake ukishatoa mzunguko mmoja umesubiri kesho, na bakuli linakula nafasi ya friza. Aina ya pili ina kompresa yake yenyewe, unawasha unaendelea hata mara tatu mfululizo, lakini bei ni ya mtu anayetengeneza kila wiki. Kwa laini tupu mashine haina mpinzani kwa sababu inakoroga bila kuchoka. Ila kama familia inakula sorbeti mara moja moja, mimi nafanya kazi ya majokofu na nakwambia hifadhi hela. Ndoo ya Karakara na mashine ya bakuli ni kitu kimoja, tofauti ni mkono na mota.

Na blenda mliyoiacha: embe iliyoganda ukisaga na shira kidogo ni dakika tano iko mezani. Shida ipo kwenye kubaki. Kama hukuongeza sukari, kesho ukirudisha friza utakuta tofali. Kwa hiyo hiyo ni ya kula yote palepale, na blenda iwe na nguvu, zile ndogo za juisi zinaungua mota.

MkulimaLimuru
Hapa Limuru Julai ni baridi ya ukungu tu, theluji hatuna, na bado nafanya ndoo. Nagandisha maji kwa chupa za plastiki, navunja na nyundo ndani ya gunia, chumvi ile ya ng'ombe isiyo na madini ya kuongezwa, inashika vizuri tu. Matunda damu yetu (tree tomato) yanatoa rangi ambayo hakuna duka litakupa. Chemsha kidogo ndio maganda yatoke, saga, chuja mbegu, kisha ongeza shira. Ni makali kwa hivyo msiogope sukari.

Karakara254
Nimesahau ya usalama na ni muhimu watoto wakiwepo. Hiyo tope ya chumvi ni baridi kuliko barafu ya kawaida, inachoma ngozi, kwa hivyo glavu lazima. Ile chumvi inayouzwa ya kumwaga kwa driveway mingine imechanganywa dawa nyingine na rangi, chumvi ya mawe ya chakula haitakufilisi, nunua hiyo. Theluji yenyewe isiingie kwa chakula hata kidogo, inashuka na vumbi na moshi, kazi yake iishie nje ya sufuria. Kabla ya kufungua mfuniko futa ukingo na kitambaa, tone moja la chumvi likiingia utalijua. Na ukimaliza usimwage kwa maua au chini ya mti, chumvi inaua mizizi, mwaga kwa sinki na maji mengi.

BintiPangani
Basi nimeshaamua. Jumamosi ndoo ya theluji na pasheni yenye ubuyu, nawapa wanangu glavu wazungushe. Siku za shule embe ya blenda, nusu pakiti nusu pakiti tusibakize. Mashine naiacha. Imebaki ukwaju, Mzee wa Shira nipimie tafadhali, maana ule ndo walioulilia.

MzeeWaShira
Bonge gramu 200 loweka kwenye maji ya moto mililita 600, kamua na mkono, chuja mara mbili upate mililita 500 nzito. Sukari gramu 220, na hapo robo yake iwe siropu ya mahindi kama unayo, inapunguza chenga. Chumvi ya kula chembe tu, na tangawizi mbichi kipande kwenye shira kama watoto wanaiweza. Ukwaju ni mzito, ukikorogea kwenye ndoo utashika mapema kuliko pasheni, anza kukwangua kuta dakika ya kumi usisubiri.