MJADALA: Milima ya Mwanza wapewe vijana wa Mwanza waichore, au tuendelee kusubiri washauri kutoka nje?

Wakuu habari za muda huu, hasa wana Mwanza wenzangu wa Nyamagana na Ilemela. Naleta hoja na msimamo wangu nausema mapema tusizungukane: kazi ndogo ndogo za umma za huu mji, yaani ngazi za milimani, vivuko vya Mto Mirongo, vizimba vya soko, vituo vya daladala, sehemu za kupumzika pale ziwani, dizaini zake zishindaniwe wazi na vijana wasanifu waliozaliwa au wanaoishi hapa hapa. Nasema kazi ndogo, sijasema wapewe daraja.

Maana mambo makubwa tumeyapata, hakuna wa kubisha. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, reli ya kisasa (SGR) ya kwenda Isaka ilishaanza kujengwa, stendi za Nyegezi na Nyamhongolo tunazo. Ila toka hapo mjini panda Mabatini, panda Igogo, panda Isamilo kule juu kabisa, uone watu wanavyoishi. Nyumba imeegemea jabali, jabali ndio ukuta wa nyuma, ngazi watu wamezichonga na kuzipanga wenyewe kwa mawe na simenti ya kuchangishana, bodaboda inaishia chini, mjamzito akishikwa uchungu usiku anashushwa kwa kubebwa, na masika yakikolea maji yanateremka na mchanga na taka zote mpaka Mirongo halafu ziwani, ziwa lile lile tunalokunywa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.1 kwa wilaya zetu mbili na sehemu kubwa wako kwenye hiyo miinuko, kwa hiyo hapa hatuzungumzii kona fulani ya mji, huu ndio mji wenyewe.

Sasa mpango kabambe wa jiji, ule wa 2015 hadi 2035, uliandaliwa na kampuni ya ushauri kutoka Singapore. Sina ugomvi nao hata kidogo, mji lazima uwe na ramani kubwa ya barabara na matumizi ya ardhi. Lakini kazi ya ramani ya namna hiyo inakomea huko juu. Nani anakaa na mama wa dagaa pale Kirumba Mwaloni amuulize anaanika wapi, anapakia wapi mzigo wa wanunuzi wa Congo, mvua ikimkuta anakimbilia wapi? Kijana aliyekulia Igogo anajua jiwe gani linavuja maji mwezi wa nne, anajua kichochoro ambacho wanafunzi wanakatiza na kile ambacho wasichana hawapiti jioni. Mtu anayekuja wiki mbili na drone hivyo vitu havioni, hata awe na shahada ngapi.

Na ushahidi kwamba milima inataka akili ya milima tunao. Angalieni majitaka. Kule juu kuchimba shimo la choo ni shida, unakutana na mwamba kabla hujafika popote. MWAUWASA, mamlaka yetu ya maji ya Mwanza, walipoleta mfumo rahisi wa majitaka kwenye miinuko, mabomba membamba yakapitishwa vichochoroni na sehemu nyingine juu ya mawe kabisa, yakifuata mlima ulivyo. Wangeng'ang'ania mitaro mikubwa kama ya kwenye tambarare ingeshindikana. Kwanini ngazi, taa, mifereji na viwanja vya watoto visifikiriwe hivyo hivyo?

Najua hoja za upande wa pili, nimezisikia sana. Ya kwanza, "vijana hawana uzoefu, jengo likidondoka nani atawajibika?" Hii naichukulia kwa uzito, Novemba 2024 jengo lilianguka Kariakoo watu wakafa, na hakuna anayetaka kuona vile tena. Lakini ndio maana kuna AQRB, bodi inayosajili wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, na kuna bodi ya mainjinia, kijana ambaye hajasajiliwa afanye kazi chini ya ofisi iliyosajiliwa, mchoro usainiwe na anayewajibika kisheria, hesabu za mawe na zege zipigwe na injinia. Halafu uzoefu unapatikana wapi kama tenda kila mwaka inadai miaka kadhaa ya kazi zinazofanana? Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza kabisa Afrika Mashariki kusajiliwa kuwa msanifu majengo, alizaliwa 1938, na soko la Kariakoo alilolibuni, lile lenye paa la miavuli ya zege inayokinga maji ya mvua, lilifunguliwa 1975. Hajafika hata miaka 40. Nchi ilikuwa na umri wa miaka 14 tu na ikamwamini.

Ya pili ni ile ya "mashindano yanaleta picha nzuri za kompyuta tu". Hapa kuna ukweli. Medellín kule Colombia ni mji wa milima kama sisi, waliweka ngazi za umeme Comuna 13 mwaka 2011 na watu wanazitumia, ila maktaba yao ya España, iliyofunguliwa 2007 na kusifiwa dunia nzima, ilikuja kufungwa kwa kasoro za ujenzi. Kwa hiyo mimi ningetaka alama nyingi ziende kwa nani atatengeneza kikiharibika na kwa shilingi ngapi, na mafundi mawe wa mtaani wawemo tangu siku ya kwanza, hawa jamaa granite wanaijua kuliko mtu yeyote.

Ya tatu ndiyo inayoniumiza zaidi, kwamba watapeana. Mtoto wa fulani atashinda. Basi michoro iwekwe namba bila majina, itundikwe Viwanja vya Furahisha wiki nzima wananchi waione na kusema, wakazi wa mtaa husika wawe na kura, na alama za majaji zibandikwe hadharani. Na wasioshinda wakafika hatua ya mwisho walipwe chochote, kazi ya kuchora inakula muda na hela, tuache tabia ya kuwatumia vijana bure eti wanajitangaza.

Hela na sheria vipo. Ununuzi wa umma umetenga asilimia 30 kwa makundi maalum, vijana wakiwemo, ila kwa ninavyoona mimi kinachowafikia ni usafi, mapishi na kushona sare. Kijana anakwenda chuo kikuu cha Ardhi Dar au chuo cha sayansi na teknolojia MUST Mbeya, anasoma miaka mitano, anarudi Mwanza anaishia kuchorea watu ramani za vyumba vitatu na sebule kwa bei ya kutupa, au anabaki Dar moja kwa moja na sisi tumempoteza.

Tuanze na ngazi moja tu, mtaa mmoja wa Mabatini, kutoka barabarani mpaka nyumba ya mwisho juu, yenye mfereji pembeni, taa, mahali pa kushika na pa kupumzika mzee aliyebeba ndoo. Nyie mlioko halmashauri zote mbili na madiwani mnaosoma huu uzi, kifungu gani hasa kinazuia hili lisiingie kwenye bajeti ijayo? Kitajeni hapa tukijadili.