Mkaa wetu wa Tanga na misitu ya Usambara: mimi na wewe tufanye nini?

Mtoto wa Chumbageni: Wadau, maji ya hapa mjini yanatoka bwawa la Mabayani, na Mabayani inalishwa na mto Zigi unaoshuka kutoka Amani, kule milima ya Usambara. Msitu ukiisha kule juu, huku chini tutalia. Tuanzie majumbani: loweka maharage usiku kucha, funika sufuria, nunua jiko banifu, mwenye uwezo ahamie gesi. Na huu wali wa kupalia makaa juu ni ufahari tu.

Bint Makorora: Hapo kwenye wali umegusa pabaya. Wali wa nazi usiopaliwa ni bokoboko. Bibi yangu anaweka makaa matano juu ya kifuniko. Hayo ndiyo yanayomaliza Usambara?

Kaka Mpole: Tena ni yale yale ya chini ndiyo yanapandishwa juu. Hakuna kilichoongezeka.

Mtoto wa Chumbageni: Dada, sikumtaja bibi yako.

Bint Makorora: Umemtaja. Nani anapalia wali Tanga hii kama si bibi zetu?

Baba Saumu: Mimi nauza mkaa, na wangu unatoka Handeni. Amani ni hifadhi, kama sikosei tangu 1997. Mteja wangu ni mama wa chapati, ananunua kopo moja asubuhi, jingine jioni. Gesi ya kopo nani anampimia?

Mtoto wa Chumbageni: Kwani miti ya Handeni si miti, mzee wangu?

Baba Saumu: Ni miti. Na wangu ni watoto. Nitajie kazi nyingine kwanza, kisha unilaumu.

Mama Wawili: Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 yetu tupikie nishati safi. Mimi sisubiri. Chai na mboga napikia mtungi mdogo, maharage naloweka tangu jioni, mkaa ni Ijumaa tu. Gunia la mwezi mmoja sasa linavuka miwili.

Bint Makorora: Ijumaa unapika nini?

Mama Wawili: Wali wa nazi.

Bint Makorora: Mmeona!

Fundi wa Duga: Mbona kwa gesi unaiva? Maji yakikauka punguza moto hadi mwisho, tandika jani la mgomba juu ya wali, funika, weka jiwe. Jana nimekula, punje moja moja.

Bint Makorora: Jani bichi au la kupasha moto kwanza?