Naomba ushauri: mwanangu wa miezi 26 amekatazwa ngano

Assalaam alaykum mama zangu na dada zangu. Mwanangu kaharisha muda mrefu, tumbo limejaa, uzito haupandi. Wiki tatu zilizopita vipimo vimeonesha ana seliaki, ugonjwa ambao ngano inaumiza utumbo. Daktari katuambia ngano, shayiri na rai (nafaka inayofanana na ngano) asile maisha yake yote, hata chembe. Tunaishi Unguja mjini, nyumba moja na wakwe zangu.

Wali, muhogo, ndizi, mbatata na samaki anakula vizuri, alhamdulillahi. Uji wa lishe nimeuacha, kumbe ule niliokuwa nanunua ulichanganywa na ngano. Nampikia vitumbua na mkate wa kumimina, vyote vya mchele, sufuria na mwiko wake nimevitenga. Tabu ni asubuhi. Wenziwe wakishika boflo na maandazi analia mpaka roho inaniuma, na juzi bibi yake kamhurumia, kampa kipande.

Naomba mnisaidie mawili. Mashine ya mtaani ni hiyo hiyo inayosaga mchele na ngano, naogopa unga utachanganyika. Nyinyi unga wa mchele mnausaga vipi nyumbani ukawa laini? Na bibi yake nimwambie vipi, bila ya kumvunjia heshima, kwamba hiyo "kidogo tu" inamuumiza mtoto?