Mrejesho: barua pepe za ofisi sasa zinatoka

Wakuu, wiki iliyopita nilileta shida: Thunderbird (programu ya barua pepe) kwenye kompyuta ya ofisi yetu hapa Kirumba, Mwanza, ilikuwa inapokea barua pepe vizuri, ila kutuma inagoma. Ankara za dagaa za wateja wa Lubumbashi zikawa zinalala tu kwenye folda ya kusubiri kutumwa.

Kosa lilikuwa upande wa SMTP, yaani mipangilio ya kutuma barua. Aliyetuwekea mwanzoni alijaza poti 25 (poti ni namba ya mlango ambao barua hupitia), na watoa huduma wengi wa intaneti huifunga hiyo kuzuia barua taka. Nikaweka 587, na kwenye usalama nikachagua STARTTLS, inayosimba mawasiliano yasisomwe njiani. Bado ikakataa! Kumbe jina la mtumiaji linatakiwa liwe anwani nzima, pamoja na @ na kinachofuata. Hapo nilikaa saa nzima. IMAP, yaani upande wa kupokea, sikuigusa; poti yake ilikuwa 993 tayari, ambayo ni sahihi.

Nikabonyeza tuma. Kile kimstari kinachoonyesha barua inatumwa kikatembea hadi mwisho, kikapotea. Baada ya dakika mbili mteja akapiga: "Imefika." Mama mwenye mzigo alikuwa amesimama nyuma yangu tangu asubuhi, akapiga vigelegele.

Mkuu uliyesema nianze na poti, ubarikiwe sana. Ukipita hapa soko la samaki la Mwaloni, sato wako yupo.