Nyumba ya kifahari ufukweni: nisikosee wapi kabla sijamwaga zege?

MbeleYaMaji:
Habari zenu wakuu. Nina kiwanja kinachogusa mchanga kabisa na nataka nijenge nyumba ya maana, ghorofa moja, sebule ya mbele yote vioo, na puli la kuogelea kati ya nyumba na bahari. Msanifu ameshaniletea ramani ya kwanza na nimeipenda sana, ila nyumba ameisogeza mbele mno ili mtu ukifumbua macho tu kitandani unaona maji. Juzi kapita mzee mmoja jirani, akaangalia vigingi, akatikisa kichwa akaenda zake bila kusema neno na tangu siku hiyo sina raha. Mliojenga baharini nisaidieni, maana zege likishamwagwa ndo basi tena.

KusiKaskazi:
Mkuu huyo mzee ameshakujibu. Kabla hujafanya lolote nenda kasimame kwenye vigingi wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, subiri maji yajae mpaka mwisho uone yanaishia wapi. Halafu tafuta ule mstari wa majani makavu na vijiti ulio juu kuliko yote, hapo ndo bahari ilipofika siku ilipochafuka. Na kumbuka usawa wa bahari duniani ulipanda kama sm 20 kati ya 1901 na 2018, na sasa unapanda kwa kasi zaidi, na wewe hujengi nyumba ya miaka kumi. Rudi nyuma, inua sakafu juu ya nguzo, bahari utaiona vizuri tu kutoka ghorofani. Kuna watu watakushauri ujenge ukuta mbele uzuie maji, fikiria mara mbili, wimbi likigonga ukuta linarudi na nguvu zake na kukomba mchanga pale chini, mwisho ufukwe wenyewe uliokupeleka pale unaisha. Yale majani yanayotambaa mchangani usiyang'oe kabisa, ndo yanayoushika mchanga.

NondoNaZege:
Mi naomba niongelee zege maana yamenikuta. Mwaka wa sita tu nguzo ya baraza ikatoa ufa wima, mwembamba kama mstari wa penseli, pembeni yake kuna doa rangi ya chai ya rangi. Nikadhani ni plasta. Fundi akagonga kidogo na nyundo kikadondoka kipande kizima cha zege, ndani nondo imevimba inabanduka matabaka matabaka unaichambua kwa kidole. Kumbe mkandarasi alitumia mchanga wa hapohapo ufukweni, na nondo zilikaa sm 2 tu kutoka nje. Chumvi ikishafika kwenye chuma kinaota kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe kwa hiyo inalipasua zege kutokea ndani. Niliumia sana kwa sababu kuitengeneza nguzo ile ilikuwa kazi kubwa kuliko kuisimamisha mara ya kwanza.

Kwa hiyo nondo zifunikwe na zege sm 5 kwa uchache, za msingi sm 7.5. Mchanga usiwe wa bahari na maji yawe ya kunywa, tena yasizidi lita 20 hadi 22 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, zege likiwa gumu kumwaga tumia dawa ya kulilainisha, fundi asiongeze maji. Kisha limwagilie wiki nzima, ikiwezekana zaidi. Siku ya kumwaga uwepo mwenyewe na futi mkononi upime!

Bawaba316:
Naongezea vitu vya chuma. Bawaba, skrubu na reli za baraza chukua stenlesi ya daraja la 316 sio 304, zinafanana kwa macho ila ya 316 imechanganywa na metali ya molibdenamu inayosaidia kuhimili chumvi. Stenlesi na alumini zisigusane moja kwa moja, weka washa za nailoni katikati, la sivyo alumini inaliwa. Mashine ya nje ya AC iwe upande usiopigwa na upepo wa bahari. Na vioo vyote suuza kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara.

MbeleYaMaji:
Asanteni sana jamani, nimempigia msanifu leo na nyumba inarudi nyuma. Vipi puli, libaki pale mbele?

NondoNaZege:
Nalo lirudi na nyumba. Halafu mwambie mhandisi aweke valvu ya kupunguza presha ya maji ya ardhini chini ya sakafu yake, maana karibu na bahari maji ya ardhini yako juu, siku ukimwaga maji yote ya puli ulisafishe, puli linaweza kunyanyuka zima kama boti na kupasuka. Ukitaka kuyamwaga pima kwanza maji ya ardhini yako wapi siku hiyo.